Vyombo vya mezani: sahani inayopatikana tena ndiyo yenye faida

WAFANYABIASHARA wengi wanaoingia katika biashara ya vyombo vya mezani, wawe wa kuuza au wa kukodisha, huanza kwa kuangalia bei na maua yaliyochorwa. Swali la tatu, yaani kama sahani hiyo hiyo itapatikana tena mwakani, huwa haliulizwi mpaka siku mteja anapotaka sahani 250 na stoo zimebaki 210. Wakati huo kontena lililoleta sahani hizo limeshasahauliwa Kariakoo, na muuzaji wa jumla ameshaleta maua mengine.

Suala hili linamgusa mkodishaji wa vyombo vya harusi na misiba, mwenye duka la vyombo, mama lishe, mwenye mgahawa, na vikundi vya akina mama wanaocheza upatu wa vyombo. Kwa wote hawa chombo ni mtaji unaovunjika. Kuvunjika hakuzuiliki. Kinachoweza kupangwa ni gharama ya kuziba pengo.

Hesabu ya sahani 300

Chukua mfano wa mwekezaji mdogo anayenunua sahani 300 kwa shilingi 3,000 kila moja. Mtaji wake kwenye sahani peke yake ni shilingi 900,000. Anazikodisha kwa shilingi 200 sahani moja, na kwa mwaka anapata shughuli 30 zinazochukua sahani zote. Kila shughuli sahani tatu hazirudi katika hali yake: moja imevunjika, moja imepata pengo ukingoni, na moja imeondoka na mtu. (Bei hizi ni za mfano tu, kila mmoja aweke za kwake, lakini asiache kuiweka ile sahani iliyoondoka na mtu.)

Kama sahani zake zinapatikana sokoni, atajazia tatu kila baada ya shughuli. Kwa mwaka atanunua 90 kwa shilingi 270,000. Mapato yake yatabaki shilingi 1,800,000, na baada ya kutoa gharama ya kujazia atabakiwa na shilingi 1,530,000 za kulipia usafiri, waoshaji na mengineyo.

Kama hazipatikani, mambo yanabadilika mara mbili. Kwanza idadi inapungua kila shughuli, hivyo mapato ya mwaka yanashuka hadi shilingi 1,539,000. Pili, mwisho wa mwaka anabaki na sahani 210 ambazo hazitoshi ukumbi wa watu 300, na kamati ya harusi haikubali meza ya mbele iwe na sahani za aina moja na meza za nyuma aina nyingine. Atalazimika kununua 300 mpya kwa shilingi 900,000 na kuziuza zile 210 kwa bei ya kutupa, tuseme shilingi 1,000 kila moja. Hapo amepoteza shilingi 690,000, na mkononi zinabaki shilingi 849,000 tu.

Tofauti kati ya wakodishaji hawa wawili ni shilingi 681,000 kwa mwaka mmoja, ingawa wote walinunua kwa bei moja, wakakodisha kwa bei moja na kuvunjiwa idadi moja ya sahani. Hata kama yule wa kwanza angelazimika kulipa shilingi 4,000 kwa kila sahani ya kujazia badala ya 3,000, bado angekuwa mbele kwa zaidi ya nusu milioni. Kwa maneno mengine, sahani inayopatikana daima inaweza kuuzwa ghali kiasi na bado ikawa rahisi.

Kwa nini maua hupotea

Sehemu kubwa ya sahani za udongo zinazouzwa Kariakoo, Kamukunji mjini Nairobi na Kikuubo mjini Kampala hutoka China, ambako mji wa Chaozhou katika jimbo la Guangdong ni miongoni mwa vituo vikubwa vya kutengeneza vyombo vya kauri. Wafanyabiashara wa Afrika Mashariki huvinunua Guangzhou, wengine wakati wa maonyesho makubwa ya biashara ambayo yamekuwa yakifanyika katika mji huo tangu mwaka 1957, mara mbili kwa mwaka.

Maua ya sahani hizo kwa kawaida hayachorwi kwa mkono. Huchapishwa kwenye karatasi maalumu ya nakshi, ikabandikwa juu ya sahani iliyokwisha kuchomwa, kisha sahani ikarudishwa tanuruni. Mara nyingi karatasi hiyo hutoka kwa mchapaji mwingine kabisa, naye huchapa kwa oda. Oda ikiisha na mnunuzi asiweke nyingine, karatasi haichapwi tena. Kiwanda kinaweza kuendelea kutengeneza sahani ile ile tupu kwa miaka mingi, lakini ua limekwisha.

Kuna sababu nyingine ambayo muuzaji wa jumla haisemi kwa sauti. Baadhi ya mizigo inayonunuliwa kwa bei nafuu ni mabaki ya oda: vyombo vilivyotengenezwa kwa ajili ya duka fulani la Ulaya au Marekani vikazidi, au oda ikafutwa kiwandani. Vinaweza kuwa vizuri sana, pengine kuliko vingine vyote sokoni. Ila vilitengenezwa mara moja kwa mtu mwingine, na vikiisha vimeisha. Anayenunua mzigo wa aina hii kwa matumizi ya nyumbani hana hasara kubwa. Anayeununua ili akodishe ameanza kuhesabu siku.

Ndiyo maana bei ya chini isiyo ya kawaida kwenye sahani nzuri isiwe sababu ya kufurahi kabla ya kuuliza. Swali la kumwuliza muuzaji wa jumla ni rahisi: mzigo huu umeshauleta mara ngapi? Akijibu kwamba ni mara ya kwanza, mnunuzi ajue kwamba muuzaji mwenyewe hajui kama utarudi.

Nyeupe si moja

Jibu ambalo wengi huliruka kwa kuliona halina mvuto ni sahani nyeupe isiyo na ua. Hii haitegemei karatasi ya nakshi wala mtindo wa mwaka. Viwanda vingi huitengeneza, na ndiyo hoteli nyingi kubwa hutumia. Chakula chenyewe, iwe pilau au samaki wa kupaka, huonekana vizuri zaidi juu yake kuliko juu ya mawaridi.

Hata hivyo, asiyejua ataambiwa "nyeupe ni nyeupe" na atajuta. Poselini ya kawaida huwa na weupe unaoelekea ubuluu au kijivu kidogo. Ile ya boni chaina, ambayo huchanganywa na jivu la mifupa ya ng'ombe, ina weupe wa maziwa, na ukiishika kwenye mwanga unaona kivuli cha vidole vyako upande wa pili. Sahani za udongo wa kawaida, uliochomwa kwa joto la chini zaidi, huelekea rangi ya krimu. Zikiwekwa meza moja chini ya taa za ukumbini, tofauti hizo huonekana hata kwa asiye fundi. Zaidi ya hapo, udongo wa kawaida hunyonya maji pale utando wake wa kung'arisha unapopata ufa au pengo, na baada ya muda doa la mchuzi huingia ndani na halitoki kwa sabuni yoyote. Kwa mkodishaji, aina hiyo haifai hata ikiwa nusu ya bei.

Umbo nalo lina hesabu yake. Sahani yenye ukingo mpana bapa haiendi pamoja na ile iliyopinda moja kwa moja kama kombe. Kipenyo kikitofautiana kwa sentimita moja tu, rundo haliketi vizuri, na rundo lisiloketi ndilo huanguka wakati wa kupakua gari. Mnunuzi aende na futi ya fundi cherehani. Apime kipenyo, aangalie duara la chini linalokalia meza, kisha apange sahani kumi juu ya nyingine na kuzitikisa. Muuzaji akikasirika, maduka ni mengi.

Yapo pia yanayoitwa vyombo vya hoteli. Hivi hutengenezwa na ukingo mnene, hupangika kwa urahisi, na viwanda vyake huvitengeneza kwa umbo lile lile miaka nenda rudi kwa sababu mteja wao ni mwenye hoteli anayehitaji kujazia. RAK Porcelain ya Ras al Khaimah, katika Falme za Kiarabu, ni moja ya viwanda vinavyouza kwa hoteli duniani kote, na mzigo wa kutoka huko si mgeni kwa mtu aliyezoea njia ya Dubai. Bei ya sahani moja iko juu. Lakini kwa mfano wa hapo juu, mwenye mtaji wa kuanzia na sahani 150 za namna hii anaweza kuwa na biashara imara kuliko mwenye 300 za maua yasiyo na mwenyewe.

Maua yaliyodumu

Si kweli kwamba kila ua hufa. Wadenmaki wa Royal Copenhagen walianza kuchora nakshi yao ya buluu mwaka 1775 na haijaachwa. Nakshi ya mti wa buluu wenye daraja na ndege wawili, maarufu kwa jina la Willow, ilianza Uingereza mwishoni mwa karne ya 18 na haikubaki mali ya kiwanda kimoja. Wengi wameitengeneza, na ukivunja ya huyu unaweza kutafuta ya yule, ingawa ubuluu hautalingana kabisa.

Mfano wenye mafunzo zaidi kwa mwekezaji ni wa Spode, kiwanda cha Uingereza kilichoanza kutengeneza nakshi ya Blue Italian mwaka 1816. Kampuni hiyo ilishindwa kulipa madeni na kuwekwa chini ya wasimamizi mwaka 2008. Mwaka uliofuata jina lake lilinunuliwa na kampuni ya Portmeirion, na Blue Italian ikaendelea kutoka. Kiwanda kilikufa lakini nakshi ikapona, kwa sababu kabati za watu wengi mno zilikuwa na mapengo ya kujazwa. Nakshi yenye wateja wa zamani wengi ni mali yenye thamani, na mnunuzi yeyote wa kampuni ataijali.

Kwa zile zilizokufa kweli, kuna aliyetajirika nazo. Mwaka 1981 Bob Page alianzisha kampuni ya Replacements, Ltd. katika mji wa Greensboro, North Carolina, Marekani, ya kununua na kuuza vyombo vilivyoacha kutengenezwa, kimoja kimoja. Mtu aliyevunja kikombe cha seti aliyoachiwa na mama yake hulipia kikombe hicho bei ambayo duka lisingethubutu kuomba. Hapa kwetu bado hakuna aliyeifanya kazi hii kwa mpangilio, ingawa malighafi ipo: kila mkodishaji ana rundo la sahani 40 za hapa na 25 za pale asizojua azifanyie nini, na kila mtaa wa mjini una kabati la vyombo vya wageni lenye visosi sita na vikombe vinne.

Bati, melamini na glasi

Ukitafuta sahani ambayo hakika itapatikana tena, huenda jibu ni ile ya bati nyeupe yenye ukingo wa buluu. Imetengenezwa na viwanda vya nchi nyingi kwa sura karibu ile ile kwa vizazi kadhaa, na ya kiwanda kimoja hukaa katikati ya za kingine bila ugomvi. Kasoro yake inajulikana: ikidondoka hubanduka utando, na pale palipobanduka huota kutu. Kwenye harusi za mjini imeondoka zamani, lakini kwa shule, misiba na mama lishe bado ni chombo cha akili.

Melamini imechukua nafasi kubwa kwa sababu haivunjiki kirahisi. Lakini hukwaruzwa na visu na hushika doa la chai, manjano na mawese, hivyo nayo ina umri wake. Na maua yake hubadilika upesi hata kuliko ya udongo. Anayeitaka achague ya rangi moja. Haifai kuwekwa kwenye maikrowevu, na taasisi ya Ujerumani ya kutathmini hatari kwa walaji, BfR, imeonya isitumike kwa chakula chenye joto zaidi ya nyuzi 70. Mwaka 2011 Umoja wa Ulaya uliweka masharti maalumu kwa vyombo vya melamini vinavyotoka China na Hong Kong. Mwenye mgahawa anayepakua supu ya moto kutoka jikoni ana sababu ya kufikiri mara mbili.

Kwa glasi, mfano mzuri ni Duralex ya Ufaransa, iliyoanza mwaka 1945 na kutumia glasi iliyoimarishwa kwa joto. Aina yake ya Gigogne ni ya mwaka 1946 na Picardie ni ya mwaka 1954, na zote zimeendelea kutengenezwa kwa umbo lile lile, kiasi kwamba ya babu na ya mjukuu huwekwa sinia moja. (Namba iliyo chini ya glasi hizo ni ya kalibu tu, watoto wa shule wa Ufaransa huitumia kushindania nani mkubwa kwa umri.) Hata hivyo kudumu kwa umbo si kudumu kwa kampuni. Duralex imepita katika matatizo ya fedha mara kadhaa, na Julai 2024 mahakama iliwakabidhi wafanyakazi wake waiendeshe kama chama cha ushirika. Nakala za glasi za namna hii kutoka viwanda vingine ziko nyingi sokoni, na kwa anayetaka kujazia tu hilo ni jambo la heri. Ajue tu kwamba glasi iliyoimarishwa ikivunjika hupasuka yote vipande vidogo vidogo, na kwamba nakala nyingine hazijaimarishwa hata kidogo.

Vijiko na uma vina mtego wake. Wauzaji hutumia sumaku kuthibitisha stenlesi: isiponata wanasema ni nzuri. Kipimo hicho ni nusu tu. Stenlesi ya 18/0, isiyo na nikeli, hunata lakini si bandia. Ile ya daraja la 201, ambayo sehemu ya nikeli imebadilishwa na manganizi, mara nyingi hainati kama ilivyo 18/10, lakini hushika kutu mapema zaidi, hasa kwenye hewa ya chumvi ya Tanga, Mombasa au Unguja. Ni bora kununua kijiko kimoja, kukilaza kwenye maji ya chumvi siku mbili, ndipo uagize dazeni.

Oda isiyo sawasawa

Mwenye duka anayeagiza mwenyewe hukosea pale anapoagiza seti tupu, sahani, bakuli, vikombe na visosi kwa idadi moja. Vyombo havivunjiki kwa idadi moja. Mkono wa kikombe ndio sehemu dhaifu kuliko zote mezani, kikombe huoshwa mara nyingi zaidi kwa siku, na kisosi hukaa kabatini hakiguswi. Baada ya mwaka wateja hurudi kutafuta vikombe, na muuzaji akifungua seti ili auze vikombe sita hubaki na visosi sita visivyo na mnunuzi. Katoni za vikombe peke yake, zikiagizwa pamoja na seti katika kontena moja, huziba pengo hilo. Kikombe hicho kinaweza kuuzwa juu ya bei yake ndani ya seti na mteja asinung'unike, kwa sababu kinamwokolea seti nzima.

Ikumbukwe kwamba katika kontena la udongo uzito hujaa kabla ya nafasi. Juu ya sahani panaweza kuwekwa vitu vyepesi kama vya plastiki, lakini kila aina ina namba yake ya ushuru: poselini ni 6911, kauri nyingine 6912, glasi za mezani 7013, vyombo vya chuma 7323, vya plastiki 3924, na vijiko 8215. Ankara iliyoandika "vyombo" kwa jumla humchelewesha mwenyewe bandarini.

Vikundi vya upatu wa vyombo ndivyo vinavyoumia kimya kimya. Akina mama 12 wakikubaliana kila mmoja apate seti ile ile kwa zamu, mwezi kwa mwezi, yule wa kwanza anaipata na yule wa tisa anaambiwa imeisha. Kisha huletewa "inayofanana", naye amechanga fedha zile zile. Kikundi chenye fedha za kutosha kinaweza kulipa seti zote 12 mwanzoni na kuzigawa kwa zamu. Kisichokuwa nazo kichague chombo cheupe cha umbo la kawaida, au kikubaliane mapema kwa maandishi kwamba anayekosa atapewa thamani ya seti kwa fedha taslimu.

Kwa yule ambaye tayari ana mzigo wenye ua asilolijua, bado kuna la kufanya wiki hii. Ageuze sahani moja, aandike jina na namba iliyopigwa chini, apige picha, na amtumie kila muuzaji wa jumla anayemfahamu. Ikipatikana, anunue akiba ya theluthi moja ya idadi aliyonayo na kuifungia stoo bila kuichanganya na za kazi. Isipopatikana, apunguze ukubwa wa shughuli anazozipokea kwa sahani hizo, aanze kuweka pembeni sehemu ya kila malipo kwa ajili ya seti nyeupe, na aziuze zile za zamani wakati bado zinatosha meza za watu 200.